Historia ya Mikono Inayoomba

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 31:1-6, 1 Nyakati 28:11-19, Waefeso 4:25, 1 Timotheo 2:8



Kuna picha moja ambayo karibu sisi wote tumekwisha kuiona. Ni mikono miwili iliyounganishwa, vidole vikielekea juu, mikono ya mtu anayeomba. Tunaiona kwenye kalenda, kwenye vioo vya magari, kwenye karatasi za programu ya mazishi, kwenye makaburi, hata kwenye nguo za korali. Imenakiliwa mara nyingi hivi kwamba hatuulizi tena imetoka wapi. Leo tutaeleza historia yake, maana ndani yake kuna fundisho kwa kanisa, na tena kuna onyo kwetu sisi tunaosimama mimbarani.

1. Hadithi inayosimuliwa

Wahubiri wengi, huku kwetu na ng'ambo, wanasimulia hadithi hii. Kulikuwa na baba maskini, fundi wa dhahabu, katika kijiji karibu na mji wa Nuremberg, Ujerumani. Alikuwa na watoto 18. Wawili kati yao, Albrecht na Albert, walitaka kujifunza uchoraji, lakini fedha haikutosha. Basi wakarusha sarafu: atakayeshinda aende shuleni, atakayeshindwa aende kufanya kazi katika machimbo ili kumlipia mwenzake. Albrecht akashinda. Albert akashuka machimboni miaka minne. Albrecht aliporudi na sifa, alimwambia ndugu yake kwamba sasa ni zamu yake. Albert akalia, akaonyesha mikono yake: mifupa imevunjika, vidole vimekakamaa, hawezi tena kushika hata kalamu. Ndipo Albrecht akaichora mikono ile kwa heshima ya ndugu yake.

Hadithi hii inagusa moyo, na sisi tunaoishi karibu na machimbo inatugusa zaidi. Tunawajua vijana wanaoshuka mashimoni ili wadogo wao walipiwe masomo. Mhubiri akiisimulia vizuri, watu wanalia na sadaka inaongezeka.

Lakini hadithi hii si ya kweli.

2. Familia yenyewe ilivyokuwa

Tunawezaje kusema hivyo? Kwa sababu mchoraji mwenyewe, Albrecht Dürer, aliandika habari za familia yake. Mwaka 1524 alitunga kitabu kidogo cha ukoo. Ndani yake aliweka watoto wote 18 ambao mama yake, Barbara, alizaa, mmoja mmoja kwa jina. Hakuna Albert. Na yeyote anayejua majina ya Wajerumani atawaambia kwamba Albert na Albrecht ni jina lile lile katika namna mbili. 

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471, si kijijini, bali ndani ya Nuremberg, mji mkubwa wa biashara na wa mafundi. Baba yake kweli alikuwa fundi wa dhahabu, mtu aliyehamia kutoka Hungaria. Kijana alianza kujifunza kazi ya baba. Kisha akamwambia baba yake kwamba moyo wake uko kwenye uchoraji. Baba alisikitika kwa ajili ya muda uliopotea, lakini alikubali. Mwaka 1486 alimpeleka kwa mchoraji Michael Wolgemut, hapo hapo Nuremberg, ajifunze miaka mitatu. Hakuna sarafu iliyorushwa, wala hakuna ndugu aliyetolewa sadaka.

Kati ya watoto 18, watatu tu waliishi hadi kuwa watu wazima. Wazazi wale walizika watoto 15. Hii ni habari ya kweli, na ina uzito kuliko hadithi ya sarafu. Mama wengi wanaosoma karatasi hii wanajua maana ya kuzika mtoto. Fikirini basi mama aliyepita njia hiyo mara kumi na tano.

Wale waliobaki walikuwa Albrecht, Endres na Hans. Endres alifuata kazi ya baba, akawa fundi wa dhahabu. Hans akawa mchoraji, na baadaye alifanya kazi kwa mfalme wa Poland katika mji wa Krakow. Kwa hiyo hakuna ndugu aliyeachwa nyuma na mikono iliyovunjika. Kila mmoja alipata kazi yake.

3. Mikono ilichorwa kwa ajili gani

Mwaka 1507 Dürer alirudi nyumbani kutoka Venisi, Italia. Mfanyabiashara tajiri wa mji wa Frankfurt, Jakob Heller, alimwagiza tablo kubwa ya madhabahu ya kanisa la watawa Wadominiko. Ilitakiwa kuonyesha Maria akipokelewa mbinguni na kuvikwa taji, na mitume wakizunguka kaburi tupu, wakitazama juu.

Hapa tuseme wazi: habari hiyo ya Maria haimo katika Maandiko, na sisi hatuifundishi. Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kubadilisha yaliyotokea ili yafanane na imani yake. Picha ile ilifanywa kwa ajili ya madhabahu ya Kikatoliki, miaka tisa kabla Martin Luther hajatoa hoja zake 95 mwaka 1517. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya kugusa ubao wa tablo, Dürer alijitayarisha. Alichora kila kitu peke yake kwanza: vichwa vya mitume, mikunjo ya nguo, mikono. Alichora hata nyayo za mtume aliyepiga magoti, zile nyayo tunazoziona tukiwa nyuma ya mtu anayeomba. Michoro hiyo ya matayarisho haikuwa ya kuuzwa kwa Heller wala ya kuwekwa kanisani. Ilikuwa ya atelie, ya kumsaidia fundi mwenyewe asikosee mbele ya safari.

Mikono tunayoijua ni mojawapo ya michoro hiyo. Ni mikono ya mtume mmoja. Ilichorwa mwaka 1508. Karatasi yake ni ndogo, karibu sentimita 29 kwa 20, yaani pungufu kidogo ya ukurasa wa A4. Karatasi ni ya bluu, desturi ambayo Dürer aliizoea Venisi. Alitumia brashi nyembamba: wino wa rangi ya giza kwa vivuli, rangi nyeupe kwa mahali mwanga unapogusa, na bluu ya karatasi yenyewe ikawa katikati ya hizo mbili. Kwa njia hiyo mikono inaonekana kama imenyanyuka kutoka kwenye karatasi.

Itazameni vizuri safari ijayo mkiiona kwenye kalenda. Mishipa inaonekana chini ya ngozi. Mikunjo ya vidole imehesabiwa. Viganja havikugandamizwa kwa nguvu. Vidole vinagusana kidogo tu kwenye ncha, kama vya mtu aliyetulia. Na vidole vyenyewe ni virefu, vyembamba, vizima. Si mikono ya mchimbaji aliyevunjwa na mawe. Mwenye macho angeweza kuitilia shaka hadithi ile kwa kuitazama tu picha.

4. Barua za bei

Kuna barua tisa ambazo Dürer alimwandikia Heller kuhusu kazi hii, na maneno yake yamehifadhiwa mpaka leo. Katika barua hizo hatukuti malaika, tunakuta fundi na mteja wakishindana juu ya bei. Walipatana gulden 130. Kazi ilipoendelea, Dürer aliona kwamba hesabu haikubaliani na muda na rangi anazotumia, akaomba 200. Heller alikasirika. Dürer akajibu kwamba ametumia rangi bora, amepaka tabaka juu ya tabaka, na kwamba kwa kazi ya namna hii mtu hawezi kupata chakula. Afadhali angekaa kuchonga picha za kuchapisha. Mwishoni tablo ilimalizika mwaka 1509, Heller akalipa 200. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, Dürer aliandika kushukuru kwa zawadi aliyopewa mke wake Agnes, na kwa fedha kidogo aliyopewa ndugu yake mdogo, Hans.

Huyo ndiye ndugu wa kweli katika habari hii. Hakuwa shimoni. Alikuwa karibu na kaka yake, na kazi ilipomalizika alipata bahashishi yake.

Dürer aliamini sana kazi ile. Alimwandikia Heller kwamba akiitunza iwe safi, itabaki safi na mpya kwa miaka 500. Tena alijichora mwenyewe ndani ya tablo, mtu mdogo kwa nyuma, ameshika kibao chenye jina lake na mwaka.

5. Kilichoungua na kilichobaki

Sasa tuone yaliyofuata. Tablo ilikaa Frankfurt karibu miaka mia moja. Mwaka 1614 mtawala wa Bavaria, Maximilian, aliinunua, ikapelekwa Munich katika jumba lake la kifalme. Frankfurt ilibaki na nakala iliyochorwa na Jobst Harrich wa Nuremberg, na nakala hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji ule. Mwaka 1729 moto ulishika jumba la Munich. Tablo ya Dürer, ile ya miaka 500, ikateketea. Ilikuwa imeishi miaka 220.

Na ile karatasi ya bluu? Ile iliyokuwa ya matayarisho tu, isiyolipiwa hata gulden moja na Heller? Iko Vienna, Austria, katika nyumba ya Albertina, na imepita miaka 500. Tablo ambayo fundi na tajiri waligombania bei haipo tena. Karatasi ambayo hakuna aliyeuliza bei yake, mikono yake imeenea dunia nzima.

Hatusemi kwamba Mungu alichoma tablo ili kutufundisha. Moto katika majumba ya mbao na mishumaa ulikuwa jambo la kila mara. Lakini mkristo anayesoma 1 Wakorintho sura ya 3 hawezi kupita hapa bila kusimama. Paulo anasema pale kwamba kazi ya kila mjenzi itapimwa kwa moto. Sisi hatujui ni ipi kati ya kazi zetu itabaki. Mama anayefagia kanisa Jumamosi jioni, kijana anayefunga nyaya za vipaza sauti kabla watu hawajafika, mwalimu wa watoto anayetayarisha somo lake kwa taa ndogo kwa sababu umeme umekatika: hawa wako kwenye karatasi ya bluu. Sisi wahubiri tunapenda tablo, siku kuu, umati, picha yetu katikati na jina letu kwenye kibao. Tusiwe na haraka ya kusema kipi ni kikubwa.

Tukumbuke pia kwamba Biblia inaheshimu matayarisho. Daudi hakujenga hekalu. Lakini katika 1 Nyakati 28 tunamwona akimpa Sulemani mfano wa nyumba nzima, vyumba vyake, hazina zake, uzito wa dhahabu ya kila chombo. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Na katika Kutoka 31, mtu anayesemwa kuwa amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, shaba na mbao. Wapendwa, sisi Wapentekoste tunazungumza sana juu ya kujazwa Roho kwa ajili ya kunena na kuponya, na ni vema. Lakini fundi anayepima mara mbili kabla ya kukata, yeye naye asidhani kwamba Roho yuko mbali na meza yake.

6. Moyo wa Dürer mwenyewe

Tusimfanye Dürer awe Mpentekoste. Alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini historia inatuonyesha kwamba Neno lilimfikia. Mwaka 1520 aliandika kwamba anatamani kumchora Luther, mtu aliyemsaidia kutoka katika mahangaiko makubwa ya moyo. Mwaka 1521, akiwa Antwerp, alisikia uvumi kwamba Luther amekamatwa, akaandika maombolezo marefu katika daftari lake la safari. Mwaka 1525 mji wa Nuremberg ulikubali matengenezo ya kanisa. Mwaka 1526 Dürer aliupa mji ule mbao mbili kubwa zenye Yohana, Petro, Marko na Paulo, na chini yake yakaandikwa maneno ya Agano Jipya katika tafsiri ya Luther. Maneno gani? Maonyo juu ya manabii wa uongo. Alifariki tarehe 6 Aprili 1528.

Na kama tunatafuta upendo wa familia, hatuna haja ya kuutunga. Baba yake alipokufa mwaka 1502, mama hakubaki na kitu. Miaka miwili baadaye Albrecht alimchukua akae nyumbani kwake, akamtunza mpaka kifo chake, tarehe 16 Mei 1514. Miezi michache kabla hajafa, mwanawe alimchora kwa makaa: uso umekonda, mifupa ya shingo imetokeza, macho yanatazama mbali. Aliandika kwamba mama huyo alipita katika magonjwa, umaskini na dhihaka, wala hakulipiza kisasi kwa mtu. Aliandika pia kwamba alimwombea katika saa ile ya mwisho. Hiyo ndiyo mikono ya kuomba iliyo ya kweli katika nyumba ya Dürer: mikono ya mwana kando ya kitanda cha mama aliyezaa watoto 18.

7. Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtu atauliza: hadithi ikiwa nzuri na ikiwaleta watu kwenye toba, kuna ubaya gani? Tunajibu kwa mambo matatu.

La kwanza, vijana wetu wana telefone. Akisikia hadithi Jumapili asubuhi, kabla ya jioni amekwisha kuitafuta. Akikuta kwamba si kweli, hatamuuliza mhubiri. Atajiuliza moyoni: kama alitudanganya kuhusu mikono, je, kuhusu kaburi tupu la Yesu? Petro katika waraka wake wa pili, sura ya 1, anasema kwamba mitume hawakufuata hadithi zilizotungwa kwa werevu, bali waliyaona wenyewe. Imani yetu inasimama juu ya mambo yaliyotokea. Anayechanganya yaliyotokea na yaliyotungwa anatoboa mtumbwi ambao yeye mwenyewe amepanda.

La pili, hadithi ile ina sumu ndogo ndani yake. Inasifu nyumba ambamo mtoto mmoja anaharibiwa ili mwingine ainuke. Kwetu jambo hili halihitaji sifa zaidi. Ni wasichana wangapi waliotolewa shuleni ili kaka zao waendelee, kisha kanisa likawaita mashujaa badala ya kuuliza kama ilikuwa haki? Baba wa Dürer alimsikiliza mtoto wake, akabadilisha mpango wake mwenyewe. Mfano huo ndio wazazi wetu wanauhitaji.

La tatu, Mungu hahitaji uongo wetu. Waefeso 4:25 inatuagiza tuvue uongo na kusema kweli kila mtu na jirani yake, nayo mimbari haikuachwa nje ya agizo hilo. Machozi yaliyopatikana kwa uongo hukauka haraka.

Kwa hiyo tunawaomba wahubiri wenzetu, viongozi wa selule na walimu wa watoto: kabla ya kusimulia habari ya mtu kama jambo lililotokea, ulizeni ilitokea wapi, mwaka gani, na nani aliandika. Mkitaka kutoa mfano wa kubuni, semeni wazi kwamba ni mfano, kama Bwana wetu alivyofanya na mifano yake. Na ninyi washirika, msiogope kumwuliza mchungaji kwa heshima, "Baba Mchungaji, habari ile tunaweza kuisoma wapi?" Mchungaji mwema hatakasirika.

Kalenda zenye mikono ile msizitoe ukutani. Mtoto akiuliza, mwambieni kweli: ni mikono ya mtume, aliichora mtu aliyejitayarisha vizuri kwa ajili ya kazi yake, kazi ile ikaungua, matayarisho yakabaki. Kisha mshikeni mtoto huyo mkono mwombe pamoja, kama Paulo alivyoagiza katika 1 Timotheo 2:8, kuinua mikono iliyo safi bila hasira wala magomvi.

Tuombe: Ee Bwana, safisha midomo yetu na mikono yetu. Utufundishe kupenda kweli hata inapokuwa ndogo kuliko hadithi, na kukutumikia hata mahali ambapo hakuna anayetazama. Katika jina la Yesu. Amina.